Spea Haipo: Historia Fupi ya Siku ya Pili Tanga

Neno rasmi ni kipuri, wingi wake vipuri. Limo kwenye kamusi, kwenye taarifa za habari na kwenye hotuba za bajeti. Lakini nenda Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, uingie duka lolote lenye beringi zilizoning'inizwa mlangoni kama shanga, uulize, "Mna vipuri?" Watakuelewa, ila watajua papo hapo kwamba umetoka ofisini. Neno la watu ni spea. Na jibu ambalo mji huu umelisikia kuliko yote, tangu enzi za mababu mpaka leo, lina maneno mawili tu: spea haipo.

Nataka kuandika historia ya maneno hayo mawili. Historia ya Tanga tunayosomeshwa ni historia ya vitu kuwasili. Reli iliwasili, mkonge ukawasili, Wajerumani wakawasili, wakaja Waingereza. Ni nadra sana kusoma habari za siku ya pili, yaani siku kile kilichowasili kilipovunjika, na mtu mmoja mwenye mikono ya grisi akaambiwa akitengeneze bila kupewa cha kutengenezea. Kwa maoni yangu Tanga imeishi zaidi ndani ya siku hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Watu wa pwani wana msemo wao kuhusu mji huu: waja leo, waondoka leo. Kwa wageni sawa. Mashine zilikuja leo, lakini hazikuondoka. Zilibaki, zikazeeka, na watu wakazeeka nazo.

Kilichonisukuma kuwaza haya ni kitu kidogo kabisa: mashine ya kukatia nyasi. Baba yangu mdogo anayo moja ya Kiingereza, ya petroli, nzito kama ndama, aliyoinunua mkono wa tatu au wa nne. Aina yenyewe si zile za kisasa ambazo kisu chake kinazunguka chini kama pangaboi. Hii ina ngoma mbele, na kwenye ngoma kuna visu vilivyopinda kidogo vinavyozunguka na kukutana na kisu kimoja kilicholala chini, kama mkasi. Ikikata vizuri, nyasi zinabaki kama zulia. Ikiharibika, mwenyewe anarudi kwenye fyekeo kama watu wengine wote.

Iliharibika. Kisu cha chini kililika, beringi mbili zikaanza kulia, na kabureta ikawa inavuja. Nikafuatana na baba mdogo kutafuta. Beringi zilipatikana asubuhi hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: beringi zina lugha yao ya dunia nzima. Ukisoma namba 6203 pembeni mwake, basi tundu lake ni milimita 17, nje ni 40, unene 12, iwe imetengenezwa Ujerumani, Japani au China, iwe ya mashine ya nyasi au ya pampu ya maji. Namba hiyo haina taifa. Kabureta ilihitaji maarifa, ikasafishwa, ikakatiwa gasketi mpya kwa mkasi. Lakini kisu cha chini hakikupatikana popote, wala hakikuwa na namba inayojulikana. Muuza duka alikigeuza, akakitazama, akasema yale maneno mawili. Kisha, kama ilivyo kawaida ya mji huu, hakuishia hapo. Akatuelekeza kwa fundi.

Fundi akachukua bapa la springi ya lori, akalikata, akalinoa, akalitoboa, akalifunga. Inakata.

Wengine watasema hiyo ni habari ya gereji tu, haina historia. Twende taratibu.

Ngoma yenye visu

Mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa na fundi wa Kiingereza aitwaye Edwin Beard Budding, wa eneo la Stroud, Gloucestershire, mwaka 1830. Budding hakuwa mtunza bustani. Aliishi katikati ya viwanda vya nguo za sufu, na huko aliona mashine yenye ngoma ya visu iliyokuwa ikinyoa vinyuzi vilivyochomoza juu ya kitambaa ili kibaki laini. Akafikiri: kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe ardhi? Miaka miwili baadaye kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilikuwa tayari inazitengeneza kwa leseni.

Budding huyo huyo anatajwa pia kwa kubuni spana ya kurekebisha, ile ambayo unazungusha skrubu yake nayo inapanuka au kubana kulingana na nati. Mafundi wetu wameipa jina ambalo siwezi kulisoma redioni: spana malaya, kwa kuwa haichagui saizi. Kwa hiyo mtu aliyetupa mashine ya nyasi ndiye huyo huyo aliyetupa chombo cha kuifungulia ikiharibika. Sijui kama alijua kwamba siku moja chombo cha pili kingefanya kazi kuliko cha kwanza.

Sasa ngoma yenye visu si ngeni Tanga. Mji wote umejengwa juu yake. Tofauti ni kwamba ngoma ya Tanga haikati, inaparua. Naisemea korona, mashine ya kuchakata mkonge.

Kwa vijana waliolifahamu neno korona mwaka 2020 tu, wazee wa mashamba ya mkonge wanalo tangu zamani sana. Corona lilikuwa jina la mashine iliyotengenezwa na Krupp katika kiwanda chake cha Magdeburg, Ujerumani, na jina la mashine moja likawa jina la mashine zote za aina yake, hata zile zilizokuja baadaye kutoka kwa Robey wa Lincoln, Uingereza. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya: kinachukua jina kwenye kibati, kinalifanya nomino ya kawaida.

Kazi yake ni hivi. Majani ya mkonge yanapangwa kwa ubavu kwenye mkanda. Minyororo au kamba zinayabana na kuyapeleka kwenye ngoma ya kwanza yenye visu butu, inayozunguka kwa kasi kubwa na kuyaponda dhidi ya bamba lililopinda. Nyama ya jani inatoka, maji yanaiosha, nyuzi zinabaki. Kisha jani linabadilishwa mshiko, na ngoma ya pili inasafisha upande uliokuwa umeshikwa. Nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zinazobaki zote ni maji na nyama, zenye asidi inayokula chuma. Hapo ndipo pana siri ya mji wetu: mashine iliyojenga Tanga ni mashine inayojila yenyewe kila siku. Visu vinalika, bamba linalika, beringi zinaingiwa na maji. Ukinunua korona, umenunua pia njaa ya spea isiyokwisha.

Miche 62 na meli moja

Mkonge wenyewe ulikuja kwa shida. Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, na huko ikafika kama 200. Iliyofika hai pwani yetu na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Jina mkonge lilikuwepo kabla yake, la mmea mwingine wa porini wenye nyuzi ambao watu wa pwani walisokotea kamba, bila mashine, bila Krupp. Mgeni akapewa jina la mwenyeji.

Mwaka huo huo, 1893, ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, na Moshi ilipofika mwaka 1911. Injini, vyuma na nati vilitoka Ulaya kwa meli. Hebu fikiria maana yake. Koloni zima la kaskazini, reli na korona na mabwawa ya maji ya mashamba, lilining'inia kwenye uzi mmoja mrefu wa meli kutoka Hamburg kupitia Suez. Uzi huo ukikatika, kila kitu kinakuwa cha siku ya pili.

Uzi ulikatika Agosti 1914. Vita vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sehemu yote ya Waafrika na Wajerumani iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ikawa kisiwa. Hakuna spea inayoingia.

Tunaposimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914 huwa tunasimulia nyuki. Jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka ufukweni, likapigwa, nyuki wakatoka mizingani, watu wakakimbilia baharini. Ni hadithi nzuri. Lakini isome kwa jicho la mtu wa stoo. Jeshi lililokimbia liliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000, pamoja na simu za kivita na nguo. Kwa nchi iliyofungiwa bahari, huo ndio ulikuwa mzigo mkubwa wa spea kuwahi kushushwa Tanga katika vita vile, na ulishushwa na adui bila kulipiwa ushuru.

Mzigo wa pili ulikuja Aprili 1915, na huu haukutoka kwa adui. Meli iitwayo Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilitoka Ujerumani na kuzunguka Afrika nzima ikiwa na makaa ya mawe, bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifukuza mpaka kwenye ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, upande wa Mkinga. Nahodha akaipandisha meli kwenye maji mafupi, akafungulia maji yaingie chini na kuwasha moto juu, ili Waingereza waone inaungua wakaondoke. Wakaondoka. Kilichofuata hakina sanamu popote: kwa wiki kadhaa watu walizama ndani ya meli ile na kutoa mzigo, sanduku baada ya sanduku. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena.

Risasi moja moja, jamani. Hiyo ndiyo kazi ya siku ya pili katika sura yake halisi.

Huko Amani, milimani juu ya Muheza, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1902 kuchunguza mimea iligeuzwa kiwanda cha kila kitu. Walitengeneza sabuni, mishumaa na dawa ya kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa pale pale. Mpira wa mashamba ulichanganywa na salfa kupata matairi. Na reli nyembamba za matoroli zilizokuwa ndani ya mashamba ziling'olewa, zikatandikwa upya kutoka Mombo kwenda Handeni, ili mizigo isogee kuelekea reli ya kati, matoroli yakisukumwa kwa mikono ya watu.

Vitabu vya vita hivyo vina majina mengi. Vina jina la kamanda, jina la nahodha, majina ya manowari zote. Mtu aliyezama kwenye giza la meli ya Rubens akitafuta sanduku kwa vidole hana jina. Aliyesukuma toroli hana jina. Nimesoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya mwaka 2020 inayokaa katika pwani ya enzi hizo, na kilichonigusa si vita vyake. Ni kwamba baada ya vita mhusika wake Hamza anarudi na kupata kazi kwenye karakana ya mbao, anajifunza useremala kwa mzee mmoja, na maisha yanaanza kujengwa upya kwa randa na msumari. Mwandishi alijua kwamba amani huanza na fundi. Ila ilibidi atunge, kwa sababu kwenye kumbukumbu zetu hakuna aliyeandika.

Kukereza na kusubu

Hapa naomba nikae kidogo kwenye maneno, maana sisi wapenda fasihi mara nyingi tunadhani lugha ya mashine ni ya kuazima tu: spana, beringi, kabureta, gereji. Ni kweli, maneno hayo yalikuja na makasha. Lakini kazi zenyewe zilikuwa na maneno yake tangu zamani.

Kukereza ni neno la maseremala wa pwani, la miguu ya vitanda na viti iliyozungushwa na kuchongwa duara. Mashine ya chuma ya kuzungusha shafti ilipokuja, neno lilihamia huko bila kubadili hata herufi: leo fundi anakereza bushi ya shaba kama babu yake alivyokereza mguu wa kitanda. Kusubu ni kumimina chuma au shaba iliyoyeyuka. Kalibu ni umbo la kumiminia. Haya ni maneno ya masonara na wahunzi, yalikuwepo kabla ya reli. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya Tanga, mwaka 1909, alikua katika mji ambao lugha hizi mbili zilikuwa zikigongana kila asubuhi: ya karani na ya karakana. Yeye alikuwa karani, na lugha ya karani ikapata mwandishi mkubwa. Lugha ya karakana bado inamsubiri wa kwake.

Enzi ya Waingereza, spea zilirudi, lakini zilibadilisha anwani. Mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui, yakauzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Wenye mashine ya Magdeburg wakalazimika kuitunza kwa chuma cha nchi nyingine. Kisha vita ya pili. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, kulikotoka nyuzi nyingi za dunia, na ghafla kamba za meli za washirika zikategemea mkonge wa huku. Mashamba yaliambiwa yazalishe zaidi, wakati huo huo viwanda vya Ulaya vikitengeneza silaha badala ya spea. Manamba waliongezwa, wengine kwa kulazimishwa. Mashine hazikuongezwa. Ukikosa chuma, unaongeza watu: hiyo ndiyo hesabu ya kikoloni, na inafaa ikumbukwe kila tunapoambiwa uhaba wa spea ni jambo la kiufundi tu.

Mpaka uliofungwa

Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zaidi ya 230,000 za mkonge. Hakuna mwaka uliofikia hapo tena. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, bei ikaporomoka, na Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha mashamba mengi. Mjadala wa kutaifisha ni mrefu na una kelele zake. Mimi nataka nitazame sehemu moja tu, stoo ya spea.

Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Reli ilikuwa moja, ya nchi zote tatu, na karakana yake kuu ilikuwa Nairobi. Shirika jipya la Reli Tanzania likaanza maisha likiwa na njia za reli huku na karakana kubwa ikiwa ng'ambo ya mpaka. Kwa Tanga hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko kwa wengine, kwa sababu mji mkubwa uliokuwa karibu nao kuliko Dar es Salaam ulikuwa Mombasa. Ghafla Mombasa ikawa mbali kama Hamburg.

Ikafuata vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, na hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Kuagiza beringi kulihitaji leseni, na leseni ilihitaji kibali cha fedha za kigeni, na kibali kilihitaji subira. Shamba lilikuwa na mkonge umesimama, lilikuwa na wakataji, lilikuwa na maji. Halikuwa na kipande cha chuma cha kilo tano.

Watu wakafanya nini? Wakachinja. Ni neno la gereji mpaka leo: gari la kuchinja, mashine ya kuchinja. Ukiwa na mashine tatu mbovu, unachinja moja ili mbili zifufuke. Mwaka unaofuata unachinja ya pili. Mwisho unabaki na mashine moja inayotembea kwa viungo vya marehemu wawili, na baada ya hapo huna cha kuchinja. Ni ujanja, na pia ni njia ya kufa taratibu.

Na wengine wakaenda baharini. Pwani ya kuanzia Moa hadi Jasini inatazamana na Vanga, upande wa Kenya, na majahazi hayakuwahi kuhitaji karakana ya Nairobi. Sabuni, nguo na spea vilipita usiku. Serikali iliita magendo, na mwaka 1983 Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, watu wengi nchini walitupa bidhaa vichakani na baharini kwa hofu. Simtetei mlanguzi aliyeficha sabuni ili bei ipande. Lakini ndani ya neno moja, magendo, tulimweka mlanguzi huyo pamoja na mtu aliyevusha seti ya ringi za pistoni ili mashine ya kusaga ya kijiji isizime. Historia inaweza kuwatenganisha, kama tukitaka.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje, na Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais mwaka 1985, ruksa ikawa jina lake. Spea zikaja: kwanza mitumba ya Japani, kisha za Dubai, kisha za China. Tatizo likageuka. Zamani swali lilikuwa ipo au haipo. Sasa swali ni og au feki. Lakini spea hizo zilikuwa za Toyota na pikipiki, vitu vyenye wateja maelfu. Korona ya Krupp haikuwa na duka Dubai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima ulikuwa umebaki tani kama 20,000, mashirika ya umma yakauzwa, na mashine nyingi zilizokuwa zimechinjwa zikaenda mizani ya chuma chakavu, kwa kilo.

Kilicho mizanini

Sasa tunaambiwa mkonge unarudi. Mwaka 2019 na kuendelea serikali iliupa zao hili msukumo mpya, Bodi ya Mkonge ikawekewa lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, na wakulima wadogo wa Korogwe, Muheza na kwingineko, kupitia vyama vyao vya AMCOS, wakaingia kwenye zao ambalo zamani lilikuwa la mabwana wakubwa. Ni jambo jema. Mjukuu wa manamba anakuwa mwenye mkonge.

Lakini jani la mkonge likishakatwa linapaswa kuchakatwa ndani ya siku mbili hivi, la sivyo nyuzi zinaharibika. Na malalamiko ya wakulima, ukiyafuatilia, yanarudi pale pale: korona hazitoshi, zilizopo ni kongwe, zinasimama. Mkulima aliyesubiri miaka mitatu au zaidi mpaka mkonge ukomae anaweza kupoteza jasho lake kwa wiki moja ya beringi. Yeye si wa kuambiwa kwamba historia ya spea ni habari ya gereji.

Kuleta mashine mpya ni lazima, sibishi. Ila mashine mpya nayo itakuwa na siku ya pili. Siku hiyo itaangukia kwenye mikono ya watu wale wale, na swali ni kama watakuwa wameachiwa kitu. Kwenye mizani ya chuma chakavu hatukuuza chuma tu. Tuliuza vielelezo. Fundi anayetaka kusubu gia ya korona anahitaji gia ya zamani ya kupimia, hata kama imevunjika meno. Ikiyeyushwa, hana kalibu. Na mzee aliyejua kwa sikio kwamba ngoma inagusa bamba upande wa kushoto, akifa bila kuulizwa, basi na yeye ameyeyushwa.

Tanga ina jengo la Boma la Kijerumani ambalo limekuwa makumbusho, lenye picha nzuri za reli na magavana. Ninachotamani kuona kando ya picha hizo ni meza moja ndefu. Juu yake kiwe kisu butu cha korona kilicholika mpaka nusu, bushi ya shaba iliyokerezwa Ngamiani kwa kukosa ya Ulaya, daftari la stoo la shamba lenye mistari ya "haipo, haipo, haipo", na kando ya kila kitu jina la aliyekitengeneza, kama bado yupo mtu wa kulitaja. Wapo. Wanakaa barazani jioni, mikono yao haijatakata mpaka leo. Mwenye babu, mjomba au jirani aliyefanya kazi karakana ya reli au shambani, aende akamuulize wiki hii: mashine gani ilikushinda, na uliitengenezaje? Aandike jibu kwa Kiswahili chake yeye mzee, na kukereza kwake na kusubu kwake. Hiyo ni spea ambayo haitengenezwi popote tena duniani.